Snokeli gani inafaa njia finyu za msituni? Yangu imebaki kwenye mti Ruhija

#1 Dereva_Ruhija
Wakuu, habari za jioni.

Gari ni Land Cruiser 78, injini ya 1HZ. Kazi yake ni watalii, na wakisafiri wengi nabeba na mizigo ya kambi. Wiki iliyopita nilikuwa natoka Ruhija, huku msitu wa Bwindi, Uganda, nateremka kwenda Buhoma, nikakutana na Fuso la viazi kwenye kona. Fuso halirudi nyuma, hilo tunalijua wote. Kushoto kwangu korongo, na ukingo ulikuwa umelowa. Tukasemezana kwa mikono: mimi nibane kulia kwenye ukuta wa mlima, yeye apite kwa nje. Fuso lake, korongo lake.

Nikabana. Nikasikia mlio kama mtu anavunja muwa. Nilipotazama kioo cha pembeni snokeli yote, bomba la kuvutia hewa ya injini juu ya paa, ilikuwa inaning'inia kwenye kisiki cha tawi lenye unene wa mkono, na kibano chake kimeng'oka na ribiti zake. Sasa nguzo ya kioo cha mbele ina matundu matatu, na mvua ikinyesha maji yananidondokea goti la kulia.

Swali langu: ninunue ya plastiki kama ile? Nikachomeshe ya chuma? Kuna ile fupi inayoishia usawa wa boneti. Au niache kabisa? Njia zangu ni misitu ya Bwindi na Echuya, mbuga ya Ishasha, na mbuga ya Kidepo mara mbili kwa mwaka.

#2 KijanaWaBwaise
Pole mkuu. Mti unaendeleaje?

#3 FundiKatwe
Pole kaka. Usirudie plastiki. Njoo Katwe, hapa Kampala, tukuchomee ya chuma, bomba la inchi tatu, ukitaka stenlesi ipo. Za namna hiyo nimechoma nyingi, na hakuna iliyorudi. Tawi likigonga, kinachovunjika ni tawi.

#4 Karenga_Vumbi
Nyote mtaongea maji hapa mpaka kesho. Mimi niko Karenga, mlangoni mwa Kidepo, na nawaambia snokeli ni kitu cha vumbi. Mto Kidepo wenyewe karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, unavuka na viatu vyako. Lakini fuata gari la mwenzio kutoka Kitgum mwezi wa Januari, halafu fungua kichujio cha hewa. Gari lisilo na snokeli linavuta hewa kutoka ndani ya fenda, karibu na tairi, pale pale vumbi linapofuka. Lenye snokeli linavuta juu ya paa, na huko vumbi limepungua.

Zamani kichujio nilikuwa nakipuliza kila jioni. Nilipofunga snokeli yenye kichwa cha kuzungusha vumbi, kile cha bakuli, nakipuliza mara moja kwa wiki, na hata hiyo ni mazoea tu.

#5 Mutukula_B
Samahani wadau, niko huku mpakani upande wa Tanzania. Snokeli ndiyo ule mkonga wa pembeni? Sisi tunaita mkonga. Mmenitisha, nikadhani ni ugonjwa.

Na nyongeza kwa #4: kichwa cha bakuli ni kinene. Huyu bwana analia njia finyu, wewe unamwongezea kichwa kama sufuria. Tawi lililokosa bomba litapata bakuli.

#6 Karenga_Vumbi
@Mutukula_B bakuli linafunguliwa kwa klipu moja. Kidepo unaliweka, Bwindi unaweka kichwa cha kawaida. Mimi nina vyote viwili chini ya kiti.

#7 Askari_Mstaafu
Salaam. Nimeendesha magari ya kila aina katika nchi hii kwa miaka mingi, mengine sipaswi kuyataja. Niwape kisa kimoja, kwa kuwa kijana ameuliza aina ya snokeli na hajauliza lililo muhimu.

Baada ya kustaafu nilimwendeshea mwajiri mmoja upande wa Kasese. Gari lilikuwa na snokeli nzuri, ya bei, imefungwa na mafundi wenye ofisi na vigae. Tukafika mto umejaa. Maji nikayapima kwa fimbo, yakawa chini kidogo ya boneti. Nikasema mkonga uko juu ya paa, twende. Katikati ya mto injini ikakata mara moja, kama mtu aliyefungwa mdomo. Na kijana aliyekuwa kando yangu, kabla sijamzuia, akapeleka mkono akapiga stata. Tukasikia *tak*.

Konrodi mbili, vile vyuma vinavyoshika pistoni, zilikuwa zimepinda. Tulipofungua, oili imegeuka chai ya maziwa. Na maji hayakupitia juu. Chini ya hausingi, yaani kasha la kichujio, kuna kitundu cha kutolea maji na uchafu, na wale mafundi walikiacha wazi. Snokeli ilikuwa inavuta hewa mawinguni huku hausingi inakunywa mto kwa chini.

Kwa hiyo kijana, kabla ya kuuliza plastiki au chuma, uliza kama njia yote imezibwa kuanzia kichwani hadi kwenye injini.

#8 Hesabu_Tu
Mzee hapo #7 amesema kweli, naweka namba tu.

1HZ ni sentimita za ujazo 4,164 kwa silinda sita, kwa hiyo kila silinda ni kama 694. Inabana hewa kwa zaidi ya mara 22. Pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki ni kama mililita 32. Hivyo ni vijiko viwili vya chakula. Maji hayabaniki, kwa hiyo vikiingia vijiko vitatu kwenye silinda moja pistoni haina pa kwenda, na kinachokubali kupinda ni konrodi. Dizeli inaumia kuliko petroli kwa sababu hiyo, nafasi ya juu ni ndogo mno.

Na @FundiKatwe, inchi tatu ni nyembamba kwa injini hiyo. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika inameza hewa kama lita 5,300 kila dakika, ukishatoa upotevu. Kwenye bomba la inchi tatu hewa hiyo inakimbia karibu kilomita 70 kwa saa, kwenye inchi nne ni kama 40. Ukiongeza kona mbili kali za kuchomelea, gari litapumua kama mtu mwenye mafua.

#9 FundiKatwe
@Hesabu_Tu karatasi ni karatasi. Wateja wangu wanapanda Kisoro na mzigo na hawajalalamika.

#10 Hesabu_Tu
Hawana la kulinganisha nalo. Kupanda Kisoro kila mtu anapanda na gia ya pili.

#11 Mama_Ishasha
Habari zenu. Mimi ni mwongozaji, njia yangu ni Katunguru, Ishasha, Kihihi, Buhoma. Dereva_Ruhija, tumepishana mara nyingi kaka, wewe ndiye mwenye kibandiko cha ndege korongo kwenye mlango wa nyuma.

Nimevunja snokeli mbili kabla sijapata akili. Ya tatu sijabadilisha aina, nimeweka waya. Unachukua waya wa chuma wa kusokotwa, milimita nne inatosha, unaufunga juu ya bulba, ile ngao ya mabomba ya mbele, unaupandisha mpaka pembe ya mbele ya keria juu ya paa, kushoto na kulia, na unaweka skrubu ya kukazia katikati. Tawi likija linakutana na waya kwanza, linapanda nao kama nguo kwenye kamba, linapita juu ya paa. Haligusi snokeli, haligusi kioo, haligusi vioo vya pembeni.

Kero zake: ukizidi kilomita 80 waya zinaimba. Wageni wangu waliwahi kudhani ni ndege, mmoja akatoa darubini.

#12 Lori_la_Arua
Hiyo ya waya nimejaribu, dada. Tawi lilipanda kweli kama ulivyosema, likafika juu, likaachia. Gari la abiria lenye paa la kufunguka. Lilimshukia mgeni mapajani, na sisimizi wake wote. Yule mgeni hakucheka.

#13 Mama_Ishasha
@Lori_la_Arua paa linafungwa unapoingia kwenye miti, nyabo, hata watoto wanajua. Hilo siyo kosa la waya.

#14 Mutukula_B
"Nyabo" si ndiyo "mama" kwa Kiganda? Basi Lori_la_Arua ni mwanaume au mwanamke?

#15 Lori_la_Arua
Mimi ni lori.

#16 Mkongo_Bunagana
Jambo bandugu. Mimi niko ng'ambo hapa Bunagana, gari ni 78 kama ya mwenye uzi, ila usukani kushoto. Kuna jambo hamjaliona.

Snokeli ya 78 inakaa kulia, usukani uwe kushoto au kulia, maana tundu la hewa liko kwenye fenda ya kulia. Sisi Kongo tunapita kulia mwa barabara. Nikimpisha mtu naingia kichakani kwa upande wa kulia, upande uleule wa snokeli. Na mimi nimekaa kushoto, siioni. Nimeng'oa tatu.

Nyie Uganda mnapita kushoto. Ukimpisha mtu unaingia kichakani kwa kushoto, snokeli yako iko upande wa barabara, na umekaa nayo, unaitazama. Kwa hiyo huna shida ya snokeli ndugu yangu. Ile siku ulibana kama Mkongo, ndiyo maana.

#17 KijanaWaBwaise
Uzi ufungwe. #16 amemaliza.

#18 Dereva_Ruhija
@Mkongo_Bunagana nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza. Lakini ni kweli, miaka minne mikwaruzo yote iko kushoto. Kulia rangi bado ya kiwandani.

Ila njia ya Echuya kwenye mianzi hakuna kushoto wala kulia. Mianzi inakuja pande zote mbili na inainama ndani. Pale hata usipopishana na mtu inakupapasa gari lote.

#19 Mlimani_Kapchorwa
Mianzi naijua, hata Elgon tunayo juu huko. Mwanzi hauvunji snokeli, unateleza. Kinachovunja ni tawi kavu na kisiki kilichokatwa kwa panga usawa wa kifua, kile chenye ncha. Ukikiona hicho shuka utazame, usikadirie ukiwa umekaa.

Mimi nashauri ile ya plastiki inayolala kwenye nguzo, isiyoachia nafasi. Zipo zinazoacha uwazi wa vidole vitatu kati ya bomba na nguzo, na tawi likiingia pale halitoki, linakuwa kabari. Yangu hata karatasi haipiti. Na kichwa nimekigeuza nyuma. Kikitazama mbele kwenye kichaka kinakusanya majani. Niliwahi kutoa konzi nzima ya majani ya mkaratusi, gari lilikuwa linanukia dawa ya kifua.

#20 Lori_la_Arua
Ukigeuza nyuma unapoteza nguvu. Kichwa kikitazama mbele upepo unasukumwa ndani, inakuwa kama turbo ndogo. Fundi wangu kanihakikishia.

#21 Hesabu_Tu
Fundi wako anakupenda lakini amekudanganya. Kwa kilomita 80 kwa saa upepo wote unaogonga kichwa unaongeza shinikizo kama asilimia 0.3. Turbo inaongeza makumi ya asilimia. Na kwenye njia finyu unaenda kilomita 10 kwa saa, hapo hata hiyo 0.3 haipo.

Nguvu iliyopotea ni ya mlima. Ruhija ni kama mita 2,300, hewa ya huko ni pungufu kwa kama moja ya tano ukilinganisha na pwani. 1HZ haina turbo, kwa hiyo na nguvu yake inashuka karibu hivyo hivyo. Ndiyo sababu nalilia inchi nne, gari lililokwisha kunyimwa hewa na mlima usilinyime tena na bomba.

#22 Mlimani_Kapchorwa
Ila mvua kubwa ukiwa na mwendo, kichwa cha mbele kinaingiza maji kidogo. Vile vipasuo vyake vya nyuma ni vya kuyatoa. Watu wanaviziba kwa rangi wanapopulizia gari, halafu wanashangaa kichujio kimelowa.

#23 FundiKatwe
Narudi kwenye chuma maana mnanipiga chini kwa chini. Plastiki za bei rahisi zilizojaa madukani jua linazimaliza. Miaka miwili zimekuwa nyeupe kama zimepakwa majivu, ukigonga kwa kucha zinalia kama bilauri. Mwingine anakuja na bomba la PVC la maji taka, kaliremba kwa rangi nyeusi. Hilo tawi likiligusa linapasuka vipande vipande. Chuma changu kikipinda nakinyoosha kwa nyundo ukiwa unakunywa chai.

#24 Askari_Mstaafu
Fundi, heshima yako. Lakini pigo halipotei, linahama. Chuma kisipovunjika, nguvu inakwenda kwenye nguzo ya kioo. Nimeona gari ambalo snokeli yake ilibaki imesimama kama bendera, ila nguzo imepinda na kioo cha mbele kimepasuka kutoka kona hadi kona. Mimi nataka kitakachovunjika kiwe kile cha bei ndogo. Ribiti zinyofoke, plastiki ibaki mtini, mimi niendelee na safari.

#25 FundiKatwe
Basi mzee, nitatumia boliti ndogo kwenye kibano ili zikatike kwanza. Bomba chuma, boliti ya milimita tano. Umeridhika?

#26 Askari_Mstaafu
Hapo tunaweza kukaa meza moja.

#27 Mkongo_Bunagana
Na kutu? Bomba la chuma linaota kutu ndani, kutu inaingia injini.

#28 FundiKatwe
Haiingii. Snokeli iko kabla ya kichujio, kutu inaishia kwenye karatasi. Kinachoua ni kitundu baada ya kichujio, kwenye ile hozi inayokwenda kwenye injini. Hapo hata ufa wa unywele unaingiza vumbi moja kwa moja kwenye silinda. Watu wanahangaikia mkonga, hozi ya ndani imepasuka na imefungwa na kamba ya mpira wa baiskeli.

#29 KijanaWaBwaise
Mnaongea Bwindi na Kidepo, mimi snokeli yangu inafanya kazi Bwaise tu, hapa Kampala. Msicheke. Mfereji wa Lubigi ukijaa, pale barabarani maji yanafika kwenye taa za magari madogo ya saluni. Mwaka jana nilipita mdogo mdogo, gia ya kwanza ya chini, watu wako juu ya meza za vibanda wananipungia. Jamaa wa saluni aliingia kwa kasi nyuma yangu, akasukuma wimbi, wimbi likaingia kwenye duka la chapati. Gari lilipomzimikia mbele kidogo, mwenye chapati ndiye aliyemfikia wa kwanza.

#30 Mama_Ishasha
Hahaha. Hata mtoni ni hivyo hivyo. Ukienda pole maji yanatangulia kama mkunjo mbele ya bulba na nyuma yake panakuwa na bonde, injini inakaa kwenye bonde. Ukikimbia yanapanda juu ya boneti, ukisimama yanajaa. Watu wanamaliza pesa kwenye snokeli, feni inajipinda kwenye maji inakata rejeta, na hapo mkonga hausaidii.

Na kabla hujavuka unatembea ndani ya maji upime. Isipokuwa mto wenye kiboko. Hapo subiri mwenzio avuke kwanza.

#31 Hesabu_Tu
Na snokeli haibadilishi kina alichokiandika mtengenezaji. Toyota wanaandika milimita 700 kwa 78 na kwa Hilux. Ukizidi hapo, kuna pumzi za difu na giaboksi, vile vitundu vya kupumulia. Difu ikiwa ya moto ikaingia maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa, inanyonya maji kupitia kwenye sili. Unavuka ukifurahi, wiki tatu baadaye beringi zinalia. Vuta vile vibomba vya pumzi mpaka juu kwenye boneti. Hozi ya mafuta na klipu nne, ni kazi ya asubuhi moja.

#32 Lori_la_Arua
Mimi ningekuwa na snokeli 2023 daraja la Katonga lilipokatika njia ya Masaka, nisingezunguka Gomba na Sembabule nzima.

#33 Mutukula_B
Mkuu, Katonga barabara yenyewe ilikwenda na maji. Ungehitaji ngalawa.

#34 Lori_la_Arua
Ngalawa yenye snokeli.

#35 Dereva_Ruhija
Wakuu, leo nilikuwa na nafasi, nikafungua hausingi kama mzee alivyosema #7. Kwanza ule mdomo wa mpira wa chini, unaojifunga injini ikivuta na kujifungua ikizimwa ili uchafu udondoke, haupo. Haupo kabisa, sijui uling'oka lini. Kuna tundu tu, kidole gumba kinaingia. Ndani nimechota vumbi la kujaza kikombe cha chai, jekundu la chini, jeupe la juu. La juu ni la Kidepo, nalijua.

Maana yake miaka yote hii niliyovuka Ishasha nikiringa na snokeli, nilikuwa wazi kwa chini. Nimekaa kwenye kibao pale gereji kama dakika kumi.

#36 Askari_Mstaafu
Mungu alikuwa nawe kijana. Nunua huo mpira kwanza. Ni kitu kidogo, kinakaa kiganjani, hauna haja hata ya kusafiri.

#37 FundiKatwe
Ukishafunga yote fanya jaribio. Washa injini, acha ilale, ziba kichwa cha snokeli kwa kipande cha ubao chenye mpira. Ikiwa njia yote imezibika injini inazimika yenyewe baada ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma, kuna mahali inapumulia. Usitumie kiganja, hasa yenye turbo. Inavuta ngozi.

#38 Mlimani_Kapchorwa
Sasa unaweka ipi? Hujasema.

#39 Dereva_Ruhija
Bado nimegawanyika. Fupi ya kwenye boneti inanivutia kwa Echuya, hakuna cha kushika tawi.

#40 Karenga_Vumbi
Fupi utakuja nayo Kidepo, utavuta vumbi la boneti na joto la injini. Nimekwisha sema.

#41 Mama_Ishasha
Waya kaka. Weka waya, halafu weka snokeli yoyote unayotaka.

#42 Mutukula_B
Panga je? Si unashuka unakata tawi, unapita?

#43 Karenga_Vumbi
@Mutukula_B ndani ya hifadhi hukati tawi wala hutoki nje ya njia. Jaribu Bwindi uone utakavyoeleza kwa huo Uswahili wako mzuri.

#44 Mkongo_Bunagana
Nami nina la kuongeza, gari likikaa sana funika kichwa cha snokeli. Yangu ilikaa miezi miwili gereji ya Kisoro kungoja spea. Nilipowasha ikawa inakohoa moshi mweusi. Nikapiga bomba kwa ngumi, yakadondoka mabonge ya udongo mpaka kwenye hausingi. Nyigu walikuwa wamejenga mtaa mzima, vyumba kwa vyumba, na kila chumba kina buibui wa akiba.

#45 KijanaWaBwaise
Hao nyigu wana nyumba nzuri kuliko yangu ya Bwaise. Na haifuriki.

#46 FundiKatwe
Dereva_Ruhija bado nakungoja Katwe. Inchi nne, boliti ya milimita tano, kona moja tu tena ya kupinda, hakuna ya kuchomelea. Namchukia Hesabu_Tu lakini nimepima bomba la mteja wa jana, kweli lilikuwa linapiga mluzi.

#47 Hesabu_Tu
Nimepiga picha ya post #46. Naiweka kwenye fremu.

#48 Dereva_Ruhija
Asanteni wote. Mpira wa chini nimepata, nimefunga. Matundu ya nguzo nimeyaziba kwa silikoni, goti limekauka. Waya ameniazima Mama_Ishasha, tunakutana Kihihi Alhamisi. Kesho naondoka na wageni wanne bila snokeli yoyote, mvua imeanza tangu mchana na huku juu ukungu umeshuka mpaka kwenye boneti. Nimepigiwa simu sasa hivi, lile Fuso limebeba tena viazi na liko njiani.

#49 Mkongo_Bunagana
Bana kushoto.